Mkia chini ya mkeka wa kahawa

Jumamosi jua lilikuwa kali, nami nilikuwa Maruku kwa shangazi. Aliinua ukingo wa mkeka ageuze kahawa iliyoanikwa juani, akaona mkia, akapiga yowe: "Nyoka!"

Majirani wawili wakaja mbio, mmoja na fimbo, mwenzake na panga. Mwenye fimbo akaufunua mkeka, akaruka nyuma. Akachomoka mjusi mwenye kichwa cha bluu, akapanda ukutani.

Shangazi akakaa chini, akashusha pumzi. "Kumbe ni wewe! Nusura uniue."

"Mimi nilijua ni mjusi," akasema mwenye fimbo.

"Hata mimi," akasema mwenzake, akificha panga mgongoni.

"Mkia wa nyoka tunaujua," nikaongeza mimi, nikiwa bado nimesimama juu ya stuli niliyoikimbilia.

Ukutani, mjusi aliitikia kwa kichwa, tena na tena. Ni yeye peke yake aliyetuamini.