Behewa Letu Lilivyobaki Kwenye Reli

Siku ya kwanza nilifika stesheni ya Arusha nikidhani nimealikwa chai tu. Nikatoka pale nikiwa mweka hazina wa chama cha kujitolea cha kutunza behewa la abiria la zamani. Mwenyekiti, mkuu wa stesheni mstaafu, alisema nimetunza fedha za kina mama wa usharika miaka mingi, kwa hiyo hii isingenishinda. Nami kwa kiherehere changu nikakubali.

Wenye reli walitupa behewa bure kwa sharti moja: tutengeneze sakafu na breki kabla ya masika, la sivyo linakatwa liuzwe kama chuma chakavu. Mfukoni hatukuwa na kitu. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kijenge, tuliyemwita Bosi, akajitolea kulipa yote, mradi behewa linyanyuliwe likawekwe kwenye baa yake. Nusu ya kamati ikaanza kutabasamu. Mimi nilichemka. Nikawaambia katiba yetu iko wazi: mali ya chama huamuliwa na mkutano mkuu, tena akidi itimie, yaani wanachama wa kutosha wawepo, na kila mmoja ana kura moja, awe tajiri awe kapuku.

Mkutano ukamkatalia. Tukaitisha mnada, kama ule wa kanisani baada ya ibada. Wakulima wa Kikwe walileta ndizi, mbuzi, na jogoo mmoja mkorofi. Jogoo akanunuliwa, mnunuzi akalipa kisha akamrudisha auzwe tena ili chama kipate zaidi, akanunuliwa, akarudishwa. Bosi naye alikuja, amenuna. Akapandisha bei mpaka wengine wote wakajitoa, akamshika jogoo, akanitazama.

"Mama, nikimrudisha, nitapata kiti kwenye kamati?"

"Utapata kadi ya uanachama, baba. Kura moja, kama mimi."

Alicheka, akamrudisha. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, sioni aibu kusema.

Kwa fedha za mnada, mafundi wakamaliza kabla ya masika. Leo nimestaafu uweka hazina, na vijana wakiniuliza chama huendeshwaje, nawaambia someni katiba kwa sauti, hasa mbele ya mwenye pesa. Halafu nawasimulia siku ya kulijaribu behewa. Kukodi kichwa cha treni hatukuweza, tukalisukuma kwa mikono, wanachama wote. Likasita, likalia, likaanza kutembea juu ya reli. Bosi alikuwa nyuma yangu, amekunja mikono ya shati, anahema. Nikageuka nikamwambia, "Sukuma, mwanachama."