Vidole vya Mama

Mama yangu alipopasuliwa uvimbe tumboni, mwaka 1991, mimi ndiye niliyekuwa murwaza wake: wa kumpikia, kumwogesha na kulala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Hospitali za Kigali hazikujua mgonjwa asiye na murwaza.

Muuguzi wetu, sista kutoka Zaire, alipima maumivu kwa vidole. Ngumi, hakuna maumivu. Vidole vitano, hayavumiliki. Mwenye vitano alichomwa sindano, mwenye kimoja aliambiwa pole. Balaa ni kwamba alipita saa za wageni, na Mama hakuwahi kuumwa mbele ya wageni maisha yake yote. Majirani wa mtaani kwetu Biryogo walijaa na chupa zao za chai, naye anawakaribisha, anaulizia watoto wao, utadhani sebule yetu imehamia wodini.

«Mama, maumivu iko ngapi leo?»

Akainua kidole kimoja. «Alhamdulillahi, sista. Iko kidogo tu.»

Jasho lilimtiririka shingoni. Mkono wake wa pili, chini ya shuka, ulikuwa umeung'ang'ania wangu hadi pete yake ikaniumiza. Uvumilivu ukanishinda.

«Sista, anaficha. Iko tano.»

Majirani wakainamisha macho. Sindano ikaletwa na Mama akalala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe. Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Alipoamka hakunitazama. «Umenivua nguo mbele ya watu,» alisema, kisha akaagiza mama mdogo aitwe. Mama mdogo akatandika mkeka wake pale palipokuwa pangu, nami nikabeba sufuria zangu nikarudi nyumbani nimefura kwa hasira.

Sindano ile siijutii. Hata leo ningeiomba tena kwa ajili yake. Ninachojutia ni ule mkono ulioning'ang'ania chini ya shuka.

Kesho yake nilikwenda saa za wageni, na chupa yangu ya chai kama wengine. Sista akauliza, Mama akainua kidole kimoja, na safari hii hakuna aliyebisha. Shuka ilikuwa imekunjamana pale mkono wake wa pili ulipoikamata. Akanigeuzia uso wenye tabasamu, lile la majirani.

«Karibu, mwanangu. Habari za nyumbani?»

Aliishi hadi vita vilipomchukua. Kila nilipomuuliza kama anaumwa, alinijibu alhamdulillahi, akanimiminia chai.