Mtambo wa Kuita Vilivyozama

Mimi nina mdomo, siishiwi maneno hovyo. Siku ile pale Ngonga, kando ya ziwa, niliishiwa.

Tulikuwa na boti ya utafiti, tunapima ziwa, na kazi yangu ilikuwa kujua kilipo kifaa tulichokizamisha chini. Si uchawi. Unashusha bomba ubavuni mwa boti, linapiga mlio majini, na kifaa kule chini, kwa kuwa kimefungwa kidude cha kujibia, kinaitika. Kompyuta inapima mlio umechukua muda gani kurudi na umetokea upande gani, halafu inaweka alama kwenye kioo. Kisicho na kidude hakiitiki, hata ukeshe unakiita.

Watu wa ufukweni walikuwa wakitutazama kila asubuhi. Maneno yakaenea kwamba tuna mtambo wa kuita vitu vilivyozama.

Basi akaja mama mmoja, mkulima wa mpunga. Mwanawe alikuwa akivuka na mzigo kutoka upande wa Malawi, upepo wa mwera ukapindua mtumbwi. Wenzake waliogelea wakafika, yeye hakuonekana. Wavuvi walikuwa wamezamia mpaka wamechoka, na nyumbani kwake watu bado walikuwa wanalala chini ya turubai, maana utaanuaje matanga hujazika?

"Mwanangu," akaniambia, "naomba na wa kwangu mumwite."

Nikamweleza. Nikamweleza tena. Nikamshikisha kidude cha akiba. "Mama, yeye hakuwa na hiki."

Alikigeuzageuza, akanirudishia. "Mwite tu. Na mimi nitakuwepo."

Jamani, wewe ungemkatalia? Nahodha mwenyewe aligeuza uso pembeni. Tukampandisha botini, tukaenda mpaka mtumbwi ulipopindukia, nami nikashusha bomba kwa hasira, hata sijui nilimkasirikia nani. Yeye aliinama ukingoni, akaita jina la mwanawe karibu kabisa na maji. Nikabonyeza.

Spika ikalia, tii. Alama ya kijani ikawaka kwenye kioo.

"Ameitika!" Alinidaka mkono, anacheka huku analia, anashukuru kwa lugha ya kwao. "Ameitika! Ndaga, mwanangu, ndaga fijo!"

Kilikuwa kifaa chetu. Kililala kule chini, mbali kidogo na pale, na kiliitika kwa sababu kimetengenezwa kiitike. Nilitamani nahodha aseme, lakini alikuwa anashughulika na usukani usiohitaji kushughulikiwa. Ikabidi niseme mwenyewe.

"Mama, huyo siye. Hicho ni chuma chetu."

Sauti yangu ilinichukiza. Yeye aliniachia mkono, akafuta uso kwa pindo la khanga, akayainamia maji tena.

"Basi mwite tena," akasema. "Labda hakusikia."

Nikabonyeza tena. Kikaitika kilekile chetu.