Dakika Thelathini na Tano Mpaka Walikale

Siku ya kwanza Nadine, muuza jibini, alipomwona Munyakazi, pale kijijini Nyamitaba, mtu yule alikuwa na vibonge ishirini vya jibini mgongoni na bado anapiga mluzi. Wakapatana: kwa kila ishirini vitakavyofika soko la Walikale, kimoja cha mbebaji. Munyakazi alidai viwili. Nadine alitazama pembeni hadi mwenzake akachoka kudai.

Miaka sita Munyakazi alikatiza msitu kwa njia ya Ntoto, siku nne, na jibini ikafika nzima. Kisha Nadine akasikia habari za ndege.

"Papa Munyakazi, toka Goma ni kilomita mia moja makumi tatu na kitu, kwa hewa. Dakika makumi tatu na tano. Nikulipie miguu ya nini?"

"Ile dakika iko ya ndege, Mama. Haiko ya muntu."

"Muntu si iko ndani ya ndege?"

"Basi tutoke hapa wote siku ya kwanza, Jumatatu, kila muntu na vibonge ishirini. Nikitangulia soko, kazi inabakia yangu, na unanipa viwili kwa kila ishirini."

Nadine alicheka hadi akashika ukuta, akakubali mbele ya watu.

Jumatatu, Munyakazi akaingia msituni. Nadine akapanda lori, lori likalala matopeni. Goma akafika Jumanne usiku. Jumatano mvua, ndege haikuruka. Alhamisi, uwanjani, wakapima mizigo: kilo zilizoruhusiwa zilimeza vibonge kumi na vinne tu. Nadine akajificha nyuma ya ukuta, akavifunga sita vilivyobaki kiunoni, akateremsha kitenge juu yake.

"Sasa weye, Mama. Panda kwa mizani," akasema Evode, karani wa ndege.

"Mimi? Niko muzigo?"

"Ndege haiulizake kama ni muntu ama muzigo. Wakati uliandikisha jina, ulisema kilo makumi saba na moja. Mizani inasema makumi munane."

"Ni hii baridi ya Goma. Inanenepesha."

Kibonge kimoja kikachomoka, kikajiviringisha hadi kwenye viatu vya rubani. Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, Nadine mwenyewe akacheka hadi machozi yakamtoka. Akavifungua vyote sita, akaomba kisu, akawakatia Evode, rubani na watu wote, wakala palepale.

Angani alitazama saa: dakika thelathini na tano, kamili. Msitu ulikuwa chini kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyomwagika, naye alicheka peke yake njia nzima akimwaza Munyakazi humo ndani. Lakini ndege ilitua mbali na mji, na pikipiki ikala saa mbili nyingine.

Sokoni, Munyakazi alikuwa ameloweka miguu ndani ya beseni, vibonge ishirini vimepangwa mbele yake.

"Karibu, Mama Nadine. Kule juu hakuna matope?"

Nadine akahesabu vyake kumi na vinne, akatoa viwili, akamkabidhi.

Tangu siku hiyo Munyakazi hupata viwili. Nadine amepoteza sita na ubishi wake wote. Ila Evode na rubani huagiza vibonge kumi kila wiki, navyo huishia palepale Goma, bila haja ya kupanda ndege.