Mkwe Wangu, Mikate na Cheni ya Kupandia Mlima

Mimi nilishasema siandiki. Mwalimu wa darasa letu la watu wazima kashupaa: kila mtu aandike habari za mtu anayemjua, wenzake wazisome. Hivi mtu akitaka kujua habari, anashindwa nini kuja kuuliza kwa mdomo? Kalamu inanichosha kuliko jembe. Lakini sitaki wale wa mstari wa mbele waseme bibi kashindwa. Nitaandika habari za mkwe wangu, na atakayeona herufi zangu zimelala, aziamshe mwenyewe.

Mkwe wangu ni mjane wa mwanangu wa pili. Ni mwembamba, mzito wa maneno, na akishasema hapana, hata umfunge kamba umvute na ng'ombe, hatoki alipo. Mwanangu alipotutoka kwa ugonjwa wa figo aliacha watoto, vyumba viwili vya kupanga na pikipiki. Mashemeji wakaja, wakakaa, wakasema pikipiki iuzwe, mwanamke ataifanyia nini. Mkwe wangu alikuwa anafua. Hakuinua kichwa.

"Nitaipanda," akasema.

Mmoja akacheka. "Shemeji, pikipiki si ndoo ya maji."

"Ndiyo maana nimesema nitaipanda. Sikusema nitajitwisha."

Akajifunza kwenye uwanja wa mpira, akaanguka, akainuka, mpaka leo goti lake lina kovu. Kisha akapata kazi bekari. Kila asubuhi hufunga makreti ya mikate nyuma ya kiti kwa kamba za mpira, akapanda nayo mlima mpaka hospitali, wagonjwa wapate kifungua kinywa. Kazi hiyo ndiyo inayotuweka chini ya paa moja, mimi, yeye na wajukuu. Ikiondoka, kila mtu na njia yake.

Sasa cheni. Vijana wa pikipiki wa mtaani kwetu wana fahari moja: cheni ikazwe mpaka ukiigonga ilie. Mwenye cheni inayocheza ni mzembe, hata salamu anapewa nusu. Marehemu mwanangu alikaza hivyo, na mkwe wangu akalishika jambo hilo kama wosia. Kila akipumzika, utamkuta kachuchumaa na spana, anakaza.

Cheni ikakatika mlimani. Mikate ikafika wagonjwa wameshakunywa chai kavu. Akanunua cheni nyingine, akaifunga, akaikaza vizuri zaidi kuliko ile ya kwanza. Ikaanza kulia kama mlango wa zizi. Haikukaa sana, nayo ikakatika, palepale mlimani.

Mwenye bekari akamwita. "Mama, mimi nakuheshimu sana. Lakini mgonjwa hali heshima. Ukichelewa tena, mpwa wangu anachukua njia hii." Na mpwa mwenyewe yuko pembeni, kakalia pikipiki mpya, anatafuna kijiti kama mtu anayesubiri bwana harusi amalize hotuba.

Mkwe wangu akaikokota pikipiki hadi nyumbani. Hakulia. Akatandika gunia uani, akailaza ile cheni iliyokatika juu yake, akaitazama.

"Umeuziwa mbovu," nikamwambia.

"Ile ya kwanza nilisema hivyo, mama. Nikisema hivyo na ya pili, nitakuwa mbovu mimi."

Akafungua sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni. Meno yalikuwa yameliwa upande mmoja, yamejikunja kama kulabu. Akasema, "Nimevisha meno yaliyozeeka cheni mpya. Hilo moja. Lakini kuna lingine. Mbona hukatikia mlimani tu, na mzigo mgongoni?"

Akairudisha sproketi, akaunga ile cheni kwa muda, akaikaza kama kawaida. Kisha akanitazama kutoka juu mpaka chini, nami nikajua kuna jambo.

"Mama, hebu panda hapa nyuma."

"Twende wapi?"

"Hatuendi. Uzito wako na wa makreti ni ndugu."

"Kwa hiyo mimi ni kreti?"

"Kreti la heshima, mama. Panda."

Nikapanda, nikishika bega lake. Shokapu, zile springi za nyuma, zikazama. Yeye kalala kifudifudi, anaibonyeza cheni kwa kidole. "Imekuwa ngumu kama nondo. Shuka." Nikashuka. "Imelegea. Panda." Nikapanda. "Imekaza tena!" Nikapanda na kushuka mpaka magoti yakaanza kunisema. Akainuka na vumbi shavuni.

"Mzigo ukikaa, cheni inanyooka. Sisi tunaipima pikipiki ikiwa tupu, tunaikaza mpaka mwisho. Ukiweka makreti, haina pa kwenda. Inajinyonga, na meno yanaliwa."

"Mumeo alikaza hivyo," nikasema. Sipendi marehemu asemwe uani kwangu.

"Alibeba magazeti, mama. Kwa mzigo wake alikuwa sawa."

Hapo alisema haki.

Tukaenda duka la spea. Muuzaji akatoa cheni iliyopakwa rangi ya dhahabu, inang'aa kama bangili. Mkwe wangu akaishika ncha moja, akainyoosha kwa ubavu. Ikainama mpaka chini kama mkia wa paka aliyelala, viungo vimelegea. Akairudisha. Akachukua nyingine, nyeusi, nene, haina urembo wowote. Akiishika kwa ubavu inasimama.

"Nipe hii, na sproketi zote mbili, ya mbele na ya nyuma."

"Dada, ya mbele si bado nzima?"

"Vinazeeka pamoja, vizikwe pamoja."

Nyumbani akafunga vyote. Kile kiungo cha kufungia kina klipu ndogo. Akaiweka mdomo wake ukitazama nyuma, cheni inakotoka, isije ikang'olewa njiani. Kisha kreti la heshima likaitwa. Nikakaa juu, yeye akarekebisha nati za gurudumu kidogokidogo, kushoto sawa na kulia, mpaka cheni ikabaki na nafasi ya kupumua na mimi nikiwa juu. Niliposhuka, ikaning'inia.

Wakati huo vijana wa kijiweni walikuwa wameshajaa getini. Yule wanayemwita Domo akapiga makofi. "Jamani njooni muone! Cheni inaning'inia kama sketi ya bibi!"

"Sketi ya bibi haijawahi kukuachia mikate njiani," nikamjibu. "Wewe suruali yako tu inakushinda."

Wakacheka, lakini mkwe wangu hakucheka. Niliona mkono wake unaielekea spana. Kulegeza cheni mbele ya mtaa mzima si jambo dogo. Ni kama kutoka nje na nguo ya ndani. Akaishika ile spana, akaitazama, akaifunga ndani ya kitambaa na kuipeleka chumbani.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Nyumba yetu iko chini ya mlima, kwa hiyo nilisimama mlangoni nikasikiliza. Pikipiki ikapita na makreti yamefunikwa turubai. Ikaanza kupanda. Pale penye kona, ambapo zamani ilianza kulia, nikashika mwimo wa mlango. Haikulia. Ilinguruma tu, sauti moja, ikaenda, ikaenda, mpaka mvua ikaimeza.

Aliporudi alikuwa amelowa chapachapa. Nikamkimbilia. "Vipi?"

"Brashi, mama. Na mafuta. Cheni hupakwa ikiwa bado ina joto."

"Nimekuuliza vipi!"

Akachuchumaa, akazungusha gurudumu taratibu, akidondosha mafuta upande wa ndani wa cheni. "Nimefika wanapanga vikombe. Mwenye bekari kamwambia mpwa wake akatafute kazi nyingine. Mimi kaniambia tuonane kesho." Akazungusha tena. "Na cheni hii nitaitazama kesho, na keshokutwa, na kila siku nitakayoamka."

Haya, nimemaliza. Sasa ni zamu yako uliyekaa kunisoma. Toka nje, mpandishe mtu mzito kwenye pikipiki yako, weka kidole kwenye cheni, kisha njoo uniambie umekuta nini. Na uje na jibu la kweli, maana nitakuja kuibonyeza mwenyewe.