Pini Mdomoni

Fundi cherehani wa pale kona huongea na pini mdomoni, na mvulana yeyote akija kumuulizia bintiye, pini huongezeka. Humpandisha kwenye kigoda, humzungushia futi ya kupimia shingoni, kisha huanza: "Kwenu wanajua uko hapa? Tulia, nisije nikakuchoma." Binti huwa chumba cha ndani, kajifunika uso kwa aibu. Wengi huteremka wakaenda zao, wasirudi tena.

Jana akaja mmoja mwembamba kama sindano. Fundi akamtazama juu, akamtazama chini, na huko chini akaona suruali inafagia sakafu, pindo limefumuka. Mikono ikamwasha. "Nani kakushonea balaa hili?"

"Nilinunua dukani, mzee."

"Vua!"

Kijana akangoja kajifunga kitambaa cha maua cha mteja, cherehani ikilia. Fundi akapunguza kiuno, akakata miguu, akapiga pasi mpaka mstari ukasimama kama wembe. Alipompandisha tena kigodani alitema pini zote na kuita kwa majivuno, "Mwanangu, njoo uone mtu alivyopendeza!"

Binti akatoka, akatazama, akatazama tena. "Kweli baba, wewe fundi."

Fundi akaanza kuokota pini haraka haraka, lakini bintiye alikuwa ameshavaa viatu.