Pombe Niliyoikanyaga Mwenyewe

Mume wangu alirudi kutoka Uganda, alikokwenda kulima pamba ya watu, akiwa na kifua kibovu na miguu isiyo na nguvu. Kabla ya hapo pombe yake ya ndizi, urwagwa, ilisifiwa Bukiriro nzima. Sasa ndizi zilikuwa zimeivia shimoni, zinanukia hadi ndani, naye hawezi hata kusimama kwenye mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi kwa miguu.

"Nitakanyaga mimi," nikamwambia.

Kwetu mwanamke alimenya ndizi, akachota maji, akakaanga mtama wa kuchachushia. Kukanyaga ilikuwa kazi ya wanaume. Walisema miguu ya mwanamke huharibu pombe.

"Watu watasema," akajibu.

"Waseme. Kwani maneno yao ndiyo tutakayokula?"

Nikakaza kaniki yangu, nikaingia mtumbwini nyuma ya nyumba. Ndizi zilikuwa baridi, zinateleza. Nilishika ukuta nisianguke. Mume wangu alikaa kwenye kigoda akinielekeza: "Ongeza nyasi, zikamue maji. Tumia kisigino. Usiwe na haraka." Maji ya ndizi yalipoanza kutoka, tulicheka wote wawili. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi.

Baba mkwe alitukuta hivyo hivyo.

"Shikamoo, baba," nikasema, miguu bado imo ndani.

Hakuitikia. "Toka humo! Unataka tuchekwe mlima mzima?"

"Mwanao anaumwa, baba. Ndizi hazitamngoja apone."

Aliondoka akitema mate. Siku pombe ilipokuwa tayari, hakuja jirani hata mmoja. Tukaonja wenyewe. Ilikuwa kali na safi. Basi nikajitwika mtungi hadi kambi ya vibarua waliokuwa wakichimba barabara ya serikali. Wale walikuwa wageni, hawakujali ni miguu ya nani. Wakanywa, wakauliza nitarudi lini. Haikupita muda, majirani nao wakaanza kuja kununua kwa kupitia migombani, kila mmoja akidai ametumwa na mwenzake.

Mtwale, yaani mkubwa wa mlima wetu, alikuwa akipelekewa mtungi mmoja katika kila pombe iliyopikwa. Mtu wake akaja kuudai. Nikakataa, nikaitwa barazani.

"Kwa nini unaninyima haki yangu?" mtwale akauliza.

"Mzee, ulisema mwenyewe mbele ya watu kwamba pombe ya mwanamke ni uchafu. Nikuletee uchafu? Kama ni pombe, niache nipike. Kama si pombe, hunidai kitu."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo haraka. Mtwale akaamuru nisikanyage tena ndizi mlimani kwake.

Mara iliyofuata nilikanyaga mbele ya nyumba, penye njia, kila apitaye anione. Watu wawili wa mtwale wakaja, wakapindua mtumbwi. Jasho langu lote likanywewa na udongo. Nililia kwa hasira, kisha nikachukua panga, nikaenda kukata mikungu mingine.

Zilipoiva nikaingia tena mtumbwini palepale. Watu wa mtwale waliporudi, mume wangu alikuwa amejikokota hadi pale, amekaa ukingoni mwa mtumbwi, miguu yake mibovu imo ndani kando ya yangu.

"Leo anakanyaga mwanamume," akawaambia, akikohoa. "Haya, pindueni, na mimi nimo."

Wakatazamana. Mmoja wao alikuwa amekunywa pombe ya mume wangu tangu ujana. Wakaondoka, na hawakurudi.

Tulijenga banda la nyasi palepale njiani, tukaweka magogo ya kukalia. Baba mkwe nilimsalimia kila asubuhi hadi alipofariki. Pombe yangu hakuionja, nami sikumbembeleza.

Baadaye wifi yangu aliyeolewa Nyamahanga alikuja kujifunza. Alikanyaga vizuri kuliko mimi, kwa kuwa ni mzito. Mume wangu aliposhindwa na kifua chake, tukamzika, nilikwenda kwa wifi huyo tukafungua kilabu kingine Lusahunga, malori yanapopita. Mke wa mwenye duka la jirani, Mwislamu wa asili ya pwani, hakuigusa pombe, lakini alituuzia madebe na kutuambia lori gani linatarajiwa.

Siku moja dereva mgeni aliingia, akanipita, akatazama huku na huku.

"Mama, niitie mwenye kilabu. Nataka kumwagiza madebe ya kupeleka Biharamulo."

"Agiza," nikamwambia.

Bado akawa anatazama mlangoni. Nikamvutia gogo.

"Kaa, baba. Ndiye huyu unayeongea naye."